Mwongozo kamili: kupanga mifumo ya R-M ya bakteria na kujua nani ndugu wa nani

Vitabu vingi vinaipitisha hii mada ya mifumo ya R-M (restriction-modification, yani kukata DNA ngeni na kuweka alama DNA ya mwenyewe) kwa ukurasa mmoja tu, unaambiwa kuna Aina ya I, II, III na IV, unakariri, mtihani unaisha. Kasheshe inaanza siku una jenomu nzima ya bakteria kwenye laptop, programu imekutolea majeni kibao ikasema hili linakata DNA, hili linabandika methili, na wewe unatakiwa useme hapo kuna mifumo mingapi, ni ya aina gani, na inahusiana vipi na ile inayojulikana. Hapo kukariri hakusaidii. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua, na kuna kitu kimoja nataka ukishike tangu mwanzo: namba ya Aina inakwambia enzaimu inafanyaje kazi, haikwambii ni ndugu wa nani. Undugu unatafutwa kwingine, na mara nyingi unaonekana vizuri zaidi kwenye protini inayoweka alama kuliko kwenye ile inayokata.

Msingi kwanza

Mfumo wa R-M una kazi mbili. Protini M inabandika kundi la methili (kaboni moja na haidrojeni tatu) kwenye herufi flani ya DNA ya bakteria mwenyewe, protini R inakata DNA yoyote yenye sekwensi ile ile ila haina methili. Ni kama mfugaji aliyepiga chapa ng'ombe wake wote, akimkuta asiye na chapa zizini anajua huyu katoka kwingine. Mgeni anayelengwa zaidi ni faji, yani virusi wanaoshambulia bakteria, japo plazmidi (DNA ndogo za duara nje ya kromosomu) nazo zinakumbwa.

Haya mambo yalionekana kabla mtu yeyote hajaishika enzaimu yenyewe. Luria na Human mwaka 1952, alafu Bertani na Weigle mwaka 1953, waliona faji anabadilika tabia kulingana na bakteria aliyekulia. Chukua faji lambda, mkuze ndani ya E. coli C, kisha mmwage juu ya E. coli K-12, aina nyingine ya bakteria huyo huyo: kati ya faji elfu kumi wanaotoboa ni wachache sana. Ila hao wachache, watoto wao sasa wanaingia K-12 bila shida yoyote. Warudishe kwa C mzunguko mmoja tu na ule uwezo umepotea. Ukilifikiria hilo vizuri utaona haiwezi kuwa mutesheni, sababu mutesheni haiji na kuondoka kwa mzunguko mmoja kwa kundi zima. Werner Arber na Daisy Dussoix wakiwa Geneva wakaonyesha mwaka 1962 kwamba alama iko kwenye DNA ya faji yenyewe, na Arber akaja kupewa Nobel ya 1978 pamoja na Hamilton Smith na Daniel Nathans. Nimelitaja hili jaribio sababu hadi leo ndio njia rahisi kuliko zote ya kujua kama mfumo uliouona kwenye kompyuta uko hai au ni mabaki tu, tutalirudia chini.

Herufi za kukumbuka kabla hatujaendelea: N ni herufi yoyote, R ni A au G, Y ni C au T, W ni A au T. Usichanganye hiyo R ya kwenye sekwensi na R ya enzaimu inayokata, muktadha utakuonyesha.

Hatua ya 1: lisome jina

Jina limebeba taarifa nyingi kuliko watu wanavyodhani. EcoRI: E ni Escherichia, co ni coli, R inatokana na aina ya bakteria iliyotumika, RY13, na I ya mwisho ni namba moja ya Kirumi, yani mfumo wa kwanza kutambuliwa humo. HindIII: Haemophilus influenzae, aina ya Rd, mfumo wa tatu. Mwenzake wa kwenye bakteria huyo huyo ni HindII, ile ambayo Smith na Kent Wilcox waliitoa mwaka 1970, inayotambua GTYRAC na kukata katikati.

Mbele ya jina kunaweza kuwa na herufi na nukta. R. ni mkataji, M. ni mweka alama, S. ni protini ya utambuzi, C. ni ya kudhibiti uwashaji wa jeni, na RM. ni protini moja inayofanya kazi zote mbili. Kwahiyo M.EcoRI na R.EcoRI ni protini mbili tofauti kabisa za mfumo mmoja. Watu wakiandika EcoRI peke yake kwa kawaida wanamaanisha mkataji. Utaratibu huu ulianza na Smith na Nathans mwaka 1973, ukapangwa upya mwaka 2003 na kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na Richard Roberts, na hifadhidata ya kuangalia yote hayo ni REBASE. Hiyo iweke kwenye alama zako za brauza kabisa, utaitumia kila siku.

Angalia lakini, jina linakwambia mfumo ulipopatikana, basi. HindII na HindIII zimetoka bakteria mmoja na hilo halizifanyi kuwa ndugu. Haya majeni yanahama hama sana kati ya bakteria na bakteria kupitia plazmidi, faji na njia nyingine, sasa ukipanga kwa bakteria waliotoka utakuwa unapanga kwa mahali pa kulala sio kwa ukoo.

Hatua ya 2: tambua Aina kwa kuhesabu majeni na kuangalia tabia

Hapa unauliza maswali manne. Kuna majeni mangapi yaliyokaa pamoja? Enzaimu inahitaji ATP au GTP ili ikate? Inakata wapi ukilinganisha na sekwensi inayoitambua? Na inakata DNA isiyo na alama, au ndio kwanza inatafuta yenye alama?

Ukiona majeni matatu, hsdR, hsdM na hsdS, hiyo ni Aina ya I. S ndiyo inayotambua sekwensi, M mbili zikishikana na S moja zinaweka alama, ongeza R mbili na mashine nzima inaweza kukata. Mfano wa kuusoma ni EcoKI ya K-12, inatambua AACNNNNNNGTGC, sehemu mbili zimetenganishwa na herufi sita zozote, na methili inaenda kwenye adenini. Inahitaji ATP, magnesi na S-adenosili methionini (molekuli inayotoa methili). Na ukataji wake ni wa ajabu: inabaki imeshika pale ilipotambua huku ikiivuta DNA kuelekea kwake, ikikwama au ikigongana na mwenzake ndipo inakata, mara nyingi zaidi ya herufi elfu moja kutoka pale, na hujui ni wapi. Ndio maana hutoikuta EcoKI kwenye friji ya maabara kama kifaa cha kukatia, haina faida kwa mtu anayetaka vipande vya urefu unaojulikana.

Aina ya II inakata ndani ya sekwensi yake au karibu yake kwa umbali usiobadilika, haihitaji ATP, kwa kawaida inataka magnesi tu. Hizi ndizo zilizobeba teknolojia yote ya kuunganisha jeni. Kwa kawaida utaona jeni la R na jeni la M yamekaa jirani.

Aina ya III ina majeni mawili, mod na res. EcoP15I inatambua CAGCAG na kukata herufi 25 hadi 27 mbele yake, ATP lazima. Sekwensi haifanani ikisomwa kwa uzi wa pili, kwahiyo alama inawekwa kwenye uzi mmoja tu, na ili ikate inahitaji sehemu mbili zilizoelekeana kinyume. Hili lina ushahidi mzuri sana: faji T7 ana sehemu 36 za EcoP15I, zote zimeelekea upande mmoja, na hakatwi. Mimi nikimfundisha mtu Aina ya III naanzia hapo, sababu ukielewa kwanini T7 anapona umeelewa mfumo wote.

Aina ya IV haina M kabisa. Yenyewe inakata DNA iliyowekwa alama, yani inamlenga faji aliyejificha nyuma ya herufi zilizobadilishwa. McrBC ya E. coli inatafuta R ikifuatiwa na sitosini yenye methili, sehemu mbili zilizotengana kati ya herufi 40 na 3000, na inatumia GTP badala ya ATP. Ukikuta jeni la kukata liko peke yake bila M jirani, usiseme haraka "mfumo umekufa", jiulize kwanza kama sio Aina ya IV.

Hatua ya 3: Aina ya II ifungue zaidi

Aina ya II ni kapu. Humo wamewekwa wote wanaokata mahali panapojulikana, bila kujali wametengenezwaje, kwahiyo kuna herufi za ziada za kutofautisha, na hapa wengi ndipo wanapopotea kwa sababu herufi hizo hazitengani: enzaimu moja inaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja.

IIP ni zile zenye palindromu, sekwensi inayosomeka sawa kwa nyuzi zote mbili: EcoRI na GAATTC yake, BamHI na GGATCC, EcoRV na GATATC. IIS zinakata pembeni ya sekwensi isiyo palindromu, kama FokI, inatambua GGATG alafu inakata herufi 9 mbele kwa uzi mmoja na 13 kwa mwingine. Sehemu ya kukatia ya FokI inaweza kung'olewa na kuunganishwa na protini nyingine ya utambuzi, na ndivyo zilivyotengenezwa zile TALEN za kuhariri jeni. BsaI nayo ni IIS, GGTCTC. IIB inakata pande zote mbili na kuichomoa sekwensi yake, mfano BcgI. IIG ina R na M ndani ya protini moja, kama Eco57I na MmeI. IIE na IIF zote zinataka sehemu mbili, tofauti ni kwamba IIE kama EcoRII inatumia moja kama kichocheo na kukata nyingine, wakati IIF kama SfiI inashika mbili na kuzikata zote kwa pamoja. IIM inakata penye methili: DpnI inataka GATC yenye adenini iliyowekwa alama.

Mtu makini atauliza, sasa DpnI inakata penye alama na haina M, kwanini isiwe Aina ya IV? Swali zuri. Jibu ni kwamba DpnI inakata mahali maalum ndani ya sekwensi maalum, na hicho ndicho kigezo cha Aina ya II. Unaona sasa? Kigezo ni tabia. Kwahiyo MmeI na EcoRI wako kapu moja wakati wametengenezwa tofauti sana, na BcgI iliyo Aina ya II ina protini ya S inayojitegemea kama Aina ya I. Hata walioandaa orodha ya 2003 walikuwa wanapanga kwa namna enzaimu inavyofanya kazi, na kwa kazi ya maabara huo mpango unafaa kabisa. Ila ukiutumia kama mti wa ukoo utakudanganya.

Hatua ya 4: undugu, anzia kwa M

Hapa ndipo penyewe. Ukichukua wakataji wa Aina ya II ukawalinganisha asidi amino kwa asidi amino, wengi hawafanani na mtu. Unaweza kupata jozi nzuri, mfano EcoRI na RsrI kutoka Rhodobacter sphaeroides, zote zinatambua GAATTC na karibu nusu ya asidi amino zake ni zile zile, hapo undugu uko wazi. Ila jozi kama hiyo usiitegemee sana. Protini za R zinabadilika haraka mno.

M zimetulia zaidi. Zote zinachukua methili kutoka kwa S-adenosili methionini, zote zinashika herufi na kuibinua itoke nje ya DNA ili ziiguse (hili lilionekana kwanza kwa M.HhaI mwaka 1994), kwahiyo kuna vipande vya protini ambavyo haviwezi kubadilika ovyo. Fanya hivi. Chukua sekwensi ya protini ya M, tafuta kipande cha kwanza, chenye umbo la FxGxG (hizi ni herufi za asidi amino, x ni yoyote), hicho ndicho kinachoshika S-adenosili methionini. Alafu tafuta kipande cha nne. Ukikuta DPPY au NPPY au kinachokaribia hivyo, uko kwa wanaoweka methili kwenye naitrojeni ya adenini. SPPY mara nyingi ni wa naitrojeni ya sitosini. Na ukikuta PC, yani prolini ikifuatiwa na sisteini, uko kwa wanaoweka methili kwenye kaboni ya tano ya sitosini. Hao wa kaboni ya tano ni ukoo wao wenyewe kabisa, wamebeba vipande kumi vinavyofuatana vizuri.

Ukishavipata, angalia mpangilio wake kutoka mwanzo wa protini hadi mwisho. Malone, Blumenthal na Cheng mwaka 1995 waligawa M kwa mpangilio huo. Kikitangulia kipande cha kwanza, kikafuata eneo la utambuzi, kisha kipande cha nne, hilo ni kundi la alfa. Cha nne, utambuzi, kisha cha kwanza, ni beta. Cha kwanza, cha nne, kisha utambuzi, ni gama. Dam ya E. coli ni alfa. CcrM ya Caulobacter ni beta, na Mod za Aina ya III nazo ziko beta. M.TaqI ni gama, HsdM ya EcoKI ni gama, M.EcoRI ni gama.

Ona kilichotokea hapo. M.TaqI ya Aina ya II na HsdM ya Aina ya I ziko kundi moja, na mipaka ya Aina imeshavukwa. Alafu chukua M.EcoRV, inatambua herufi sita GATATC, na Dam inatambua nne tu, GATC, na Dam wala haina mkataji, inafanya kazi nyingine za seli. Lakini zilinganishe na M ya DpnII na utaona ni jamaa wa ukoo mmoja. Hapo hapo M.EcoRV na M.EcoRI, zote kutoka E. coli, zote zimeoanishwa na wakataji wa IIP wenye herufi sita, ziko makundi tofauti.

Hatua ya 5: tenganisha mwili na eneo la utambuzi

Mfumo mmoja unaweza kuwa na wazazi wengi. Mwili wa protini una historia yake, eneo la utambuzi lina historia yake, kwahiyo yatafute kila moja peke yake, usifanye mti mmoja wa protini nzima ukafunga kazi.

Aina ya I inaonyesha hili waziwazi. Imegawanywa familia, IA, IB, IC, ID na kuendelea. EcoKI na EcoBI ziko IA, EcoAI iko IB, EcoR124I iko IC. Ndani ya familia moja R na M zinafanana sana, kiasi kwamba ukiharibu hsdM ya mmoja unaweza kumsaidia kwa ile ya mwenzake, na hilo ndilo jaribio la zamani lililozitenganisha familia. Kati ya familia na familia kufanana kunashuka sana. S ndiyo inayoshangaza. Ina maeneo mawili ya utambuzi, kila moja linasoma nusu ya sekwensi. StySBI ya familia IA inasoma GAG kwenye nusu ya kwanza, EcoAI ya familia IB nayo inasoma GAG, na maeneo hayo mawili yanafanana ingawa miili ya protini zenyewe ni ya familia tofauti. Kwahiyo eneo lilihama.

Na umbali wa katikati nao unabadilika kwa njia yake. EcoR124I inatambua GAANNNNNNRTCG, N sita. EcoR124II inatambua GAANNNNNNNRTCG, N saba. Tofauti kwenye protini ni asidi amino nne, TAEL, zinazojirudia mara mbili kwa wa kwanza na mara tatu kwa wa pili. Nne tu, na tayari ni mfumo mwingine, bakteria mwenye huu anaikata DNA ya mwenye ule. Ukikuta S mbili zinafanana kila kitu ila marudio ya katikati, usiziandike kama mfumo mmoja.

Hatua ya 6: angalia R kwa umbo sio kwa herufi

Wakataji wapange kwa umbo la sehemu inayokata. Wengi ni PD-(D/E)XK (majina haya ni herufi za asidi amino za sehemu hiyo), humo wamo EcoRI, BamHI na EcoRV. Wachache ni HNH, kama KpnI. Wengine GIY-YIG, kama Eco29kI. Na BfiI iko peke yake na watu wa ukoo wa enzaimu za fosfolipasi D, haihitaji hata magnesi. Kwahiyo kazi moja ya kukata DNA imebuniwa zaidi ya mara moja, na hao hawana babu mmoja. Alama za PD-(D/E)XK ni fupi mno kuzitafuta kwa macho, tumia programu za profaili kama HMMER, au tabiri umbo lake kisha ulinganishe maumbo.

Hapa ndipo pa kuongelea wanaotambua sekwensi moja. Kama wanakata pia mahali pamoja tunasema ni isoskizoma, kama wanakata pengine ni neoskizoma. SmaI na XmaI zote zinataka CCCGGG, SmaI inakata katikati na kuacha ncha butu, XmaI inakata baada ya C ya kwanza na kuacha ncha inayonata. Ukisikia isoskizoma usisikie undugu. Wakati mwingine ni ndugu kweli, kama ile EcoRI na RsrI, wakati mwingine wamekutana tu.

Kwa kazi za maabara isoskizoma ni uokovu. Mfano wetu wa karibu ni selimundu, wengi tunaita sikoseli. Jeni la kawaida la beta globini lina CCTGAGG, na MstII inakata CCTNAGG, kwahiyo inakata. Mutesheni ya sikoseli inageuza A moja kuwa T, inakuwa CCTGTGG, MstII haiioni tena. Ukiikosa MstII dukani unachukua Bsu36I, inatambua ile ile na kukata pale pale. DdeI nayo inafaa, sababu CTNAG yake imo humo humo ndani, ila inakata sehemu nyingi zaidi hivyo vipande vinakuwa vingi.

Hatua ya 7: fanya zoezi na E. coli K-12

Kabla hujagusa bakteria wako, jaribu na K-12, sababu majibu yake yanajulikana. Chukua jenomu ya MG1655, ambayo ni K-12, tafuta M zote kwanza, alafu kwa kila M angalia majeni yaliyo kushoto na kulia kwake kama kumi hivi. Utaona eneo moja lililojazana: mcrC, mcrB, symE, hsdS, hsdM, hsdR, mrr. Mfumo mmoja wa Aina ya I katikati, Aina ya IV mbili pembeni. Ya IV ya tatu ni mcrA, iko mbali ndani ya profaji e14, yani DNA ya faji iliyojipachika kwenye jenomu. Alafu kuna M zilizo peke yake: Dam kwa GATC, Dcm kwa CCWGG, na YhdJ kwa ATGCAT. Hizo hazina mkataji, usizihesabu kama mifumo ya R-M. Aina ya II hamna, ya III hamna. Orodha yako ikitoka na kitu kingine, rudi nyuma uangalie vigezo vyako kabla hujaenda mbele.

Na ukishalielewa hilo eneo, zile alama za kwenye karatasi ya seli za maabara zinaanza kusomeka. DH5α ina hsdR17, R imekufa, M na S ziko hai, kwahiyo haikati ila inaweka alama. BL21 ina hitilafu kwenye hsdS, na kwa kuwa S inatumika na wote wawili, haikati wala haiweki alama. DH10B imefutwa eneo lote kuanzia mrr hadi mcrBC, na mcrA pia, ndio maana inapendwa kwa kupandikiza DNA ya mimea na wanyama yenye methili nyingi. Na kama XbaI au ClaI inagoma kukata plazmidi yako, angalia kama pembeni ya sehemu yake kuna herufi zinazotengeneza GATC, Dam imeweka alama hapo. Hamisha plazmidi kwenye seli isiyo na dam ujaribu tena.

Hatua ya 8: sasa bakteria wako

Tumia DefenseFinder au PADLOC, programu za kutafuta mifumo ya kinga ya bakteria, kupata orodha ya kwanza, kisha kila M ipitishe kwenye BLAST ya REBASE. Ukipata M inayofanana sana na inayojulikana, eneo la utambuzi likiwemo, unaweza kukisia sekwensi yake. Kama kufanana kuko kwenye mwili tu na eneo la utambuzi liko tofauti, usikisie, umeshaona kwenye hatua ya 5 kwanini.

Alafu pata data ya methili. Usomaji wa DNA wa PacBio unaonyesha vizuri methili ya adenini na ile ya naitrojeni ya sitosini, ya kaboni ya tano inaonekana kwa shida. Nanopore nayo inasaidia. Ukipata orodha ya sekwensi zenye alama, zioanishe na M zako: sekwensi iliyokatika katikati na N tano hadi nane, alama nyuzi zote, tafuta hsdS; sekwensi fupi isiyo palindromu yenye alama uzi mmoja, tafuta mod au IIG; palindromu, tafuta M ya IIP au M ya peke yake. Ukiwa na Helicobacter pylori jiandae, aina ya 26695 ina zaidi ya seti 20 za majeni ya R-M, na mengi hayafanyi kazi. Kwa Streptococcus pneumoniae angalia kama hsdS zinabadilishana vipande zenyewe kwa zenyewe, koloni moja inaweza kuwa na alama tofauti na ya jirani yake.

Data ya methili inathibitisha M, haithibitishi R. Kwa R rudi kwa lile jaribio la miaka ya 1950: kuza faji kwenye bakteria asiye na mfumo, mmwage kwa mwenye mfumo, hesabu matobo (madoa wazi ambapo bakteria wamekufa), alafu linganisha na faji aliyekulia kwa mwenye mfumo. Kama huna faji anayeingia bakteria wako tumia plazmidi yenye sekwensi husika, moja yenye alama na moja isiyo nayo, hesabu koloni.

Wakati wa kuandika, usiondoe mifumo iliyo kwenye plazmidi ukidhani ni wapita njia. Mwaka 1995 kundi la Ichizo Kobayashi huko Japani lilionyesha kwamba bakteria akipoteza plazmidi yenye R-M anaweza kufa, sababu M inapungua kadri seli zinavyogawanyika wakati R iliyobaki bado inakata. Yani mfumo unajilinda wenyewe usiachwe, na hilo linaeleza kwa sehemu kwanini mifumo hii imezagaa hivyo na kwanini mti wa M haufuati mti wa bakteria.

Kwenye jedwali lako weka safu tofauti: Aina, kijiaina kama ni ya II, kundi la M yani alfa, beta au gama au kaboni ya tano, umbo la R, sekwensi, na ushahidi wa kila kimoja. Ambacho hujakithibitisha kwa mikono kipe jina lenye namba ya jeni na herufi P mwishoni, kama REBASE wanavyofanya, msomaji ajue ni makisio. Na kama M na R zako zina ndugu tofauti, M inaelekea kwa mfumo mmoja na R kwa mwingine, ziandike hivyo hivyo kwenye safu mbili.